Faili Tunazozituma na Breli Inayotoka: Uhakiki wa Programu za Kutafsiria Breli

Mazungumzo kuhusu breli katika idara za Kiswahili huishia mara nyingi kwenye sentensi moja: programu hazijui Kiswahili. Sentensi hiyo ilikuwa na ukweli kwa muda mrefu, na bado ina ukweli kiasi. Hata hivyo, imekuwa pia kisingizio kizuri cha kutotazama kilichomo ndani ya faili zetu wenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki programu za kutafsiria breli kwa upande ambao haujadiliwi sana, yaani namna zinavyopokea faili za miundo mbalimbali na namna zinavyozitoa. Dai letu ni kwamba mwanafunzi asiyeona hupoteza mengi zaidi pale faili inapoingia na pale inapotoka, kuliko pale maneno yanapogeuzwa kuwa nukta.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya istilahi. Tumezoea kusema programu hizi "hutafsiri" breli, nasi tutaendelea kusema hivyo kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa somo la tafsiri angetusahihisha mara moja. Hakuna lugha mbili hapa. Kiswahili kinabaki Kiswahili, kinachobadilika ni maandishi. Ni unukuzi, si tafsiri. Jambo hili si la kuchekesha tu, kwa sababu anayeamini kwamba mashine inatafsiri huamini pia kwamba mashine inaelewa. Haielewi. Inafuata jedwali la kanuni, na inalifuata juu ya kile tu ilichokikuta ndani ya faili.

Programu zenyewe si nyingi. Inayojulikana zaidi ni Duxbury, ya kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1975. Ni ya kununua, na bei yake si rafiki wa bajeti za vyuo vyetu. Upande wa pili ipo liblouis, kazi iliyoanza mwaka 2002, ambayo ni huria na ya bure. Hiyo si programu unayoifungua na kuiona kwenye kioo. Ni injini inayofanya kazi ndani ya programu nyingine, kama vile NVDA, ile ya kuwasomea wasioona yaliyo kwenye kompyuta, na BrailleBlaster ya shirika la American Printing House for the Blind. BrailleBlaster nayo hailipiwi, ila ilitengenezwa kwa kanuni za Marekani na kwa vitabu vya shule vya huko, na jambo hilo linaonekana kila unapoitumia kwa kazi isiyo ya Kiingereza.

Na Kiswahili? Duxbury inacho katika orodha yake ya lugha. Kwa upande wa liblouis, majedwali ya Kiswahili kwa kanuni za Kenya yaliingia katika toleo la 3.24, na watumiaji wa NVDA waliyapata katika toleo la 2023.1. Lipo jedwali la breli isiyo na vifupisho, lipo la breli yenye vifupisho, na zipo hatua kadhaa katikati. Kwa hiyo, anayesema leo kwamba programu hazijui Kiswahili anasema habari iliyopitwa na wakati.

Lakini kuwa na jedwali si kulitumia. Faili ikifunguliwa, mtumiaji ndiye anayechagua kanuni za lugha gani zitumike, na asipochagua, programu inashika ile iliyowekwa tangu mwanzo, ambayo karibu kila mara ni ya Kiingereza chenye vifupisho. Matokeo yake ni haya. Kiingereza kina alama moja kwa neno "and", na alama hiyo hutumika hata ndani ya neno. Basi "andika" linakuwa seli nne badala ya sita, na faili ikifunguliwa katika programu ya kawaida ya maandishi inasomeka "&ika". "Thelathini" linakuwa "!la?9i", kwa kuwa ndani yake zimeonekana alama za "the", "th" na "in". Mwanafunzi aliyesoma breli ya Kiingereza atalifumbua neno hilo, tena kwa haraka kuliko tunavyodhani. Aliyefundishwa breli kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hatalifumbua. Na wote wawili tunawapa karatasi moja, muda mmoja.

Sasa tuje kwenye muundo unaotoka, ambao kwa maoni yetu ndio wenye kustahili lawama kubwa zaidi. Faili ya breli iliyo tayari kuchapwa huhifadhiwa kwa kawaida katika muundo wa BRF. Muundo huu ni wa zamani na ni mwepisi mno. Nukta sita hutoa michanganyiko 63, na ukihesabu nafasi tupu unapata 64, basi kila mmoja umepewa herufi au alama moja ya kwenye kibodi. Faili nzima ni mfuatano wa alama hizo, uliokatwa katika mistari, mara nyingi ya seli 40, na kurasa za mistari 25. Hakuna kingine. Haisemi lugha ni ipi. Haisemi ni kanuni za nchi gani, wala kama kuna vifupisho au hakuna. Haijui kichwa cha habari ni kipi na tanbihi ni ipi. Karatasi ikiwa nyembamba kuliko mstari uliokusudiwa, haiwezi kujipanga upya.

Wepesi huo ndio ulioifanya idumu, na tunakiri kwamba mashine ya kuchapa breli ya miaka mingi iliyopita na kifaa kipya cha kusomea kwa vidole vyote huipokea bila ubishi. Lakini wepesi huo una mtego, na mtego wenyewe unatunasa sisi watu wa Kiswahili kuliko wenzetu wa Kiingereza. Tuueleze kwa kirefu kidogo.

Katika mfumo huu herufi a hadi z za kwenye kibodi ndizo herufi a hadi z za breli. Kwa hiyo, mtu akichukua faili ya maandishi ya kawaida, ile ya TXT, na kuipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya breli bila kuipitisha katika programu yoyote, herufi zitatoka sawasawa. Kiingereza kikichapwa hivyo, msomaji wake ataona mara moja kwamba vifupisho alivyozoea havipo, na atauliza. Kiswahili kisicho na vifupisho kikichapwa hivyo, kitaonekana ni Kiswahili safi. Maneno yote yapo. Hata ritifaa ya "ng'ombe", ikiwa ni ile iliyonyooka ya kwenye kibodi, inatoka sahihi, kwa sababu kwa bahati tu alama hiyo inaangukia nukta ya 3, ambayo ndiyo ritifaa katika breli.

Kinachoharibika ni tarakimu na alama za uakifishaji. Tarakimu 1 inatoka kama nukta ya 2 peke yake, ambayo msomaji huisoma kuwa koma. Tarakimu 2 inasomeka nukta mkato, 4 inasomeka nukta, 6 inakuwa alama ya mshangao. Koma iliyoandikwa inatoka kama nukta ya 6, ambayo ni ishara ya herufi kubwa. Mabano yanakuwa vifupisho vya Kiingereza vya "of" na "with". Kinyota tunachokiweka mbele ya sentensi isiyo sahihi kisarufi, kwa mfano *mtoto kimekuja, kinakuwa alama ya "ch", na sentensi yetu inaanza kwa "chmtoto". Sasa chukua karatasi ya mtihani: "Swali la 4 (alama 20)". Mwenye macho akiipapasa haoni kosa, kwa kuwa hajui breli. Msimamizi anaona karatasi imejaa nukta, anaridhika. Mwanafunzi ndiye pekee katika chumba kizima anayejua kwamba maswali hayana namba na alama hazijulikani, na mtihani si mahali pa kuanza mjadala na msimamizi.

Karatasi ya namna hiyo imewahi kutufikia kutoka kituo kimoja cha uchapaji, na maelezo tuliyopewa yalikuwa kwamba "breli ya Kiswahili ndivyo ilivyo". Sivyo ilivyo. Faili haikutafsiriwa kabisa, na urahisi wa tahajia yetu ndio ulioficha uvivu huo.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na ushauri unaorudiwa sana miongoni mwa walimu, kwamba njia salama ni kutuma kila kitu kwa TXT kwa kuwa "haina makorokoro". Makorokoro hayo ndiyo kazi yetu. Katika isimu, neno lililolazwa ni mfano na neno lililosimama ni maelezo. Tukisema kiambishi *ki* na tukisema neno ki, tofauti yao iko katika mlazo wa herufi. TXT inaufuta. Inafuta vichwa, inafuta tanbihi, na jedwali inaligeuza kuwa rundo la maneno. Ni sawa na kumpa mwanafunzi sanduku ambalo vitu vyote vimo lakini lebo zimebanduliwa.

Faili ya Word ni bora zaidi, hasa ya DOCX iliyokuja na Office ya mwaka 2007, lakini kwa sharti moja. Duxbury na BrailleBlaster hazitazami ukubwa wa herufi. Zinatazama mitindo. Kichwa kilichowekwa kwa mtindo wa kichwa kitatoka kichwa katika breli. Kichwa kilichotengenezwa kwa kukoleza wino na kuongeza ukubwa hadi 16 ni aya kama aya nyingine, tena aya iliyokolezwa, na breli itaongeza ishara za ukolezaji bila kuongeza chochote kinachomsaidia msomaji kupata mahali sura inapoanzia. Mwalimu mwenye kutumia mitindo hahitaji kujua hata nukta moja ya breli. Asiyeitumia, hata akiijua breli yote, amempa mtu mwingine kazi ya kukisia.

Hapa ushairi unadai nafasi yake. Tuchukue mishororo miwili tuliyojitungia kwa ajili ya mfano, kila mmoja wa mizani 16. Wa kwanza: "Mwalimu ninakujia, karatasi naitaka". Bila vifupisho, na pamoja na ishara ya herufi kubwa, unachukua seli 36. Wa pili: "Ng'ombe wangu nimchinje, majirani wakashibe". Huu unachukua seli 44. Mizani ni zilezile, lakini katika mstari wa seli 40 mmoja unatosha na mwingine hautoshi. Katika karatasi ya A4, yenye seli thelathini na kitu tu kwa mstari, hautoshi hata mmoja.

Kanuni ya kawaida ya ushairi katika breli ni kwamba mshororo huanza seli ya kwanza, na mabaki yake yakishuka huanza seli ya tatu, ili kidole kijue kwamba bado ni mshororo uleule. Programu inaweza kufanya hivyo yenyewe, ikiwa imeambiwa kwamba hili ni shairi. Isipoambiwa, mabaki yanaanza seli ya kwanza, na tarbia inakuwa ubeti wa mishororo minane. Je, mwanafunzi akiandika katika jibu lake kwamba ubeti una mishororo minane, tutamwekea alama ya kosa? Amehesabu vizuri kuliko sisi.

Lipo na baya kuliko hilo. Baadhi yetu tunapenda kuchapa ukwapi upande wa kushoto na utao upande wa kulia, kwa kutumia safu mbili kama za gazeti. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ndani ya faili, safu ya kwanza yote inatangulia, kisha ya pili yote inafuata. Breli inatoa ukwapi wa beti zote, halafu utao wa beti zote. Swali likiuliza uhusiano wa vina vya kati na vya mwisho, halijibiki. Wengine wanatenganisha vipande kwa kubonyeza nafasi mara kumi, na programu, kwa nia njema, inazipunguza kuwa nafasi moja, na mpaka wa kipande unatoweka isipokuwa palipo na koma. Kwa ushairi, koma moja ina thamani kuliko nafasi kumi.

Kuhusu ritifaa, tulikwisha kusema kwamba iliyonyooka ni salama. Word huipinda yenyewe, na programu nzuri inaikubali ikiwa katikati ya neno. Matatizo huja pale mwandishi anapotumia alama nyingine yoyote inayofanana nayo, kama ile ya pembeni ya tarakimu 1 kwenye kibodi, na kuandika "ng`ombe". Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa programu ni alama tofauti kabisa, nayo haina budi kuichapa kama alama tofauti. Matatizo huja pia katika somo la fonolojia, tunapoizungushia sauti ng' alama za mtajo mojamoja. Hapo zinafuatana ritifaa na alama ya kufunga, na mashine haina njia ya kujua ipi ni ipi. Tukitumia alama za mtajo za jozi, jambo linaisha.

Fonolojia ina mzigo mwingine, ambao ni maandishi ya zamani. Madokezo mengi yanayozunguka katika idara za isimu yalichapwa kwa fonti za kifonetiki za kabla ya Yunikodi kuenea. Katika fonti hizo, kinachoonekana kuwa ŋ ndani ya faili ni N kubwa iliyovalishwa sura nyingine, na ʃ ni S kubwa. Programu ya breli haioni sura, inaona N na S. Inasikitisha zaidi kwa kuwa mfumo wa alama za IPA kwa breli upo, uliosahihishwa na kutolewa mwaka 2008 kwa kazi ya Robert Englebretson, mwanaisimu asiyeona. Sisi ndio tunaoshindwa kuufikia, kwa faili.

PDF hatutaisema sana. Muundo huo ulibuniwa kuhifadhi sura ya ukurasa, si mpangilio wa maneno. Iliyotokana na Word na ikahifadhiwa pamoja na mitindo yake inaweza kusaidia. Iliyotokana na kupiga picha kitabu si maandishi, ni picha, na kuigeuza kuwa maandishi kwa programu iliyofundishwa Kiingereza kunaleta "rn" mahali pa "m" na kunameza ritifaa. Nakala hiyo lazima isomwe na mtu anayejua Kiswahili kabla haijafika kwenye breli. Hakuna njia ya mkato tunayoijua.

Mpaka hapa tumewasema walimu zaidi kuliko programu, na huenda wasomaji wameanza kunung'unika. Basi tuseme na programu. Kosa lao kubwa ni ukimya. Ukizipa faili yenye kisanduku cha maandishi kilichoelea juu ya ukurasa, picha isiyo na maelezo, au mchoro wa matawi wa sentensi, mara nyingi hukiacha kitu hicho nje na kuendelea kana kwamba hakikuwapo. Mchapaji wa zamani aliyenakili kwa mkono kwa mashine ya Perkins angemwuliza mwalimu: na huu mchoro niufanyeje? Programu haiulizi. Hatudai ichore mchoro wa matawi kwa nukta. Tunadai iseme, mwishoni mwa kazi, kwamba katika ukurasa wa tatu kuna kitu kilichoachwa. Hilo si jambo gumu kwa programu inayoweza kubeba kanuni za lugha nyingi za dunia.

Na suala la BRF limekuwa zito zaidi tangu nchi zetu zilipoingia katika Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013: Kenya mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, Tanzania mwaka 2020. Mkataba huu unaruhusu nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona ivuke mpaka bila kuombwa upya ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kwetu sisi hapa Uganda, ambao riwaya na diwani tunazofundisha nyingi hutoka Nairobi na Dar es Salaam, hiyo ni neema. Lakini kinachovuka mpaka ni nini? Kikiwa ni BRF, tunapokea faili isiyosema ilitengenezwa kwa kanuni zipi. Mwanafunzi anakuta alama ambayo kwake ni ya Kiingereza, kumbe mtengenezaji aliikusudia kuwa kifupisho cha Kiswahili. Kugeuza BRF kurudi kuwa maandishi ya kawaida inawezekana, lakini kwa kukisia lugha na daraja la ufupisho, na kila kisio baya linaacha makovu katika kila ukurasa.

Miundo yenye kubeba maelezo ipo. PEF, iliyojengwa kwa XML, huweka nukta zenyewe kwa Yunikodi na kutaja lugha na kichwa cha kitabu. Shirika la DAISY nalo limekuwa likishughulikia eBraille, iliyosimama juu ya misingi ileile ya EPUB, ambamo kichwa kinabaki kichwa na mstari unajipanga kufuatana na upana wa kifaa. Tunaipokea kazi hiyo kwa furaha, lakini mashine nyingi za kuchapa breli tulizoziona katika ukanda huu bado zinalishwa BRF, na zitaendelea kulishwa hivyo kwa miaka kadhaa.

Kwa sasa, basi, ombi letu kwa idara nyingine zinazobadilishana kazi nasi ni dogo. Mkitutumia BRF, tumeni pamoja nayo faili ya DOCX iliyoizaa. Katika jina la faili andikeni lugha, daraja la ufupisho na idadi ya seli kwa mstari, kwa mfano "fasihi-simulizi-sw-bilavifupisho-40". Nasi diwani na madokezo ya muhula huu tutayatuma vivyo hivyo, yakiwa yamesomwa kwanza kwa kidole na mwanafunzi anayejua breli, naye alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa msomaji mwingine yeyote wa prufu.